Kitenge cha Matanga ya Bernardine

Sehemu ya Tisa

Nimewasikia. Wiki nzima mmenijazia simu kwa ujumbe: Rachelle alitia sahihi au hakutia? Msomaji mmoja wa Morogoro ameniita katili kwa kumwacha mwanamke wa watu siku saba kwenye chumba cha boila, kalamu ikiwa mbele ya pua yake. Haya, tumtoe. Ila nawaonya, huko juu anakokwenda hakuna nafuu yoyote.

Kwa aliyeingia leo: Rachelle Bagalwa, mzaliwa wa Bukavu, ni mkaguzi wa nyumba za kupanga wa jiji la Minneapolis. Jumatano alizima boila, mtambo wa kupashia joto, ya jengo moja la ghorofa tatu, kusini mwa jiji. Ilikuwa inavujisha ile hewa ya sumu isiyo na harufu, na watoto wawili walikuwa wameshazimia. Akabandika amri nyekundu mlangoni: isiwashwe mpaka itengenezwe.

Ijumaa saa tatu asubuhi meneja wa jengo akamwita chini kwenye boila hiyo hiyo. Anaitwa Gasto, Mtanzania mwenye sauti laini na viatu vya bei. Akamwekea vitu viwili juu ya sanduku la vifaa: fomu ya kuondoa amri, na picha ya mazishi ya Bernardine, mama yake Rachelle.

"Wanawake themanini na wawili," Gasto alisema, akigonga picha kwa kidole. "Wote sare moja, kijani na ua la njano. Na wewe katikati, karibu kabisa na jeneza. Marehemu mama alizikwa kwa heshima, dada yangu."

"Mama yangu anakuhusu nini wewe?"

"Vitenge hivyo nilileta mimi."

Rachelle alimtazama bila kuelewa. Kisha akaelewa.

"Septemba ulipomzika mama, leseni ya jengo hili ilikuwa mezani kwako," Gasto aliendelea, kwa upole ule ule wa mtu anayekukaribisha chai. "Na kanuni za maadili za jiji unazijua kuliko mimi. Mfanyakazi wa jiji hapokei zawadi kwa mtu ambaye faili lake analo mkononi. Umepokea. Umevaa. Umepiga na picha."

"Ilikuwa matanga, Gasto!"

"Fomu ya malalamiko haina kisanduku cha matanga. Tia sahihi hapa kwamba boila ni nzima, niiwashe watu wapate joto. Picha hii nitaichana mbele yako. Usipotia, ikifika saa sita itakuwa ofisi ya maadili."

Msomaji, huyu mwanamke alifagia sakafu za yale maduka makubwa ya Bloomington kwa miaka tisa, akisoma ukaguzi kwenye basi, kabla jiji halijampa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Kazi hiyo ndiyo inayomlisha. Na akiondolewa kwa aibu, amri aliyoibandika itaanguka pamoja naye, kwa kuwa hakuna anayeheshimu amri ya mkaguzi mla rushwa. Familia ishirini na nne zinalala juu ya boila ile. Yote hayo aliyafikiria kwa muda wa kuvuta pumzi mbili.

"Nipe kalamu," alisema.

Gasto akatabasamu. Akampa na mgongo wa faili aandikie.

Rachelle aliandika kwa herufi kubwa, toka kona hadi kona ya fomu: BOILA NI MBOVU. ISIWASHWE. Akatia sahihi, tarehe na saa, akamrudishia.

Tabasamu lilimtoka Gasto usoni. "Umejichimbia kaburi."

"Basi utaniletea kitenge."

"Rachelle, mimi sitanii. Naipeleka leo."

"Ipeleke sasa hivi! Na mimi naenda huko huko. Tuone nani atafika kwanza."

Akapanda ngazi. Alipofika kwenye gari akakaa nyuma ya usukani akilia kwa hasira. Alilia kidogo tu. Kisha akawasha gari, lakini hakwenda moja kwa moja ofisi ya maadili. Kwanza alitaka kujua ukweli wa vitenge, maana yeye mwenyewe hakuujua.

*

Tante Perpétue, mkuu wa kamati ya akina mama kanisani kwao, alikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, Bloomington, akikunja mashuka.

"Tante, pagne ya matanga ya Mama ilitoka wapi?"

Perpétue aliacha shuka hewani. "Weye Rachelle, nani anauliza swali kama ile?"

"Mimi nauliza."

"Pagne ya mufu haiulizwake! Inakuya, unashika, unasema aksanti."

Na alisema kweli. Kwa watu wa kwao, wanaokiita kitenge pagne, mfiwa haulizi kitu. Anakalishwa chini kwenye godoro, kamati ya akina mama inapokea wali, makaa, viti na kitambaa cha sare. Kitambaa kikija hakirudishwi, kwa sababu kukirudisha ni kusema marehemu hakustahili kuvaliwa. Hakuna mama hata mmoja kwenye kamati ile angemsimamisha mleta kitenge mlangoni amuulize ana faili gani kwa jiji. Hilo ndilo kosa lao, na mimi ninayeandika nasema wazi, ningelifanya pia.

"Ni Gasto alileta," Rachelle alisema.

"Ndiyo, ule Mutanzania. Makartoni matatu. Alisema, inatoka kwa barafiki ya famille. Ningefanya nini? Ningemuomba kitambulisho?"

"Anasema ni rushwa, Tante, na anapeleka picha kwa yule mama wa ofisi ya maadili. Anasema nimekula. Nikifukuzwa kazi, amri yangu inaanguka, wanawasha ile boila."

Perpétue alikaa juu ya rundo la mashuka. Mama huyu ana miaka sitini na mitatu na ametoka kwenye vita viwili, lakini sasa alikuwa anakunja shuka lile lile mara ya tatu.

"Ni miye nilikuvalisha ile pagne," alisema. "Kwa mikono yangu. Weye ulikuwa unalia, hukujua hata kama ni asubuhi."

"Sikulaumu."

"Miye najilaumu!" Akainuka ghafla. "Kuko karatasi. Pagne sita zilikuwa zinatoka rangi, nikabeba karatasi ya magazin, ya duka, ili wanibadilishie. Sikuisoma, ni Kingereza. Iko mu nyumba, kule Savage. Nenda kwa ule mama wa ofisi. Miye nitaileta."

"Uko kazini, Tante."

"Kazi iko kesho." Alikuwa ameshatoa simu, anazungumza kwenye lile kundi la akina mama, kwa sauti iliyowafanya wafuaji wengine wageuke. "Bamama! Sikilizeni muzuri. Kila mutu avae pagne ya Bernardine. Leo. Sasa!"

*

Ofisi ya maadili ya jiji ni chumba kimoja chenye meza, viti vitatu na mwanamke anayeitwa Karin Lindqvist. Hacheki ovyo. Hapigi watu mgongoni. Alimmiminia Rachelle kahawa, akafungua daftari, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu:

"Umekuja kumshtaki nani?"

"Mimi mwenyewe."

Kalamu ya Lindqvist ilisimama. Miaka kumi na minne kwenye kiti kile, alikuwa amewaona wanaoshtaki mabosi, majirani na waume waliowaacha. Wa aina hii alikuwa anawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Rachelle alieleza yote: matanga, makartoni, picha, fomu ya boila. Lindqvist akamsukumia karatasi ya kiapo. Rachelle akaandika kwamba wakati wa mazishi hakujua vitenge vimetoka kwa nani, na kwamba hakuvipokea yeye. Akatia sahihi. Uikumbuke karatasi hiyo, msomaji.

Kompyuta ikalia. Lindqvist akaitazama.

"Malalamiko ya Bwana Gasto yameingia sasa hivi, pamoja na picha. Umemtangulia kwa dakika kumi na moja."

"Inanisaidia?"

"Inasaidia. Haikuokoi."

"Na amri yangu ya boila?"

"Inabaki mpaka mkaguzi mwingine aiangalie. Lakini ni vigumu kuilinda amri ya mtu aliye chini ya uchunguzi. Nakwambia ukweli." Akageuza ukurasa. "Kanuni inataka zawadi irudishwe mara mtu anapogundua. Iko wapi sasa?"

"Imevaliwa."

"Na nani?"

Jibu lilikuja lenyewe. Kwanza ilisikika lifti, kisha viatu vingi, kisha sauti ya askari wa mlangoni ikisihi watu wapange foleni. Mlango ukafunguliwa, na askari yule kijana mwenye upara akachungulia akiwa amepauka.

"Bi. Lindqvist, kuna... kuna akina mama."

Walikuwa thelathini na mmoja. Waliotoka kufua hospitali, waliotoka kutandika vitanda vya hoteli, mmoja bado na wavu wa nywele wa kiwandani. Wote kijani na ua la njano. Ukumbi mzima wa jiji ulikuwa umetoka maofisini kutazama.

Tante Perpétue alisimama mbele ya meza. "Rachelle, mutafsirie. Mwambie, hatukujua. Sasa tunajua."

Rachelle akatafsiri.

"Mwambie, ile pagne ilikuwa ya kuondolea matanga ya Bernardine posho inayokuya, ni kusema wiki ijayo. Tulikuwa tunaiangalia kama kitu ya kanisa. Lakini kama ni kamba ya kufunga mutoto wetu, hatuitaki!"

Na akafungua fundo kiunoni.

Askari akafunika macho. Hakuwa na sababu. Ilikuwa Novemba, theluji ya kwanza imeshaanguka, na hakuna mama wa Kikongo Minnesota anayetoka nyumbani mwezi huo bila suruali nzito chini ya kitenge. Walifungua mafundo mmoja baada ya mwingine, wakakunja, wakaweka juu ya meza ya Lindqvist mpaka kikombe cha kahawa kikapotea.

"Bale banabaki batazileta mbele ya mangaribi," Perpétue alisema. "Bernardine tutamuondolea matanga na manguo ya kazi. Hatakasirika. Alikuwa mutu wa kazi."

Rachelle alishindwa kutafsiri hiyo. Alikuwa analia tena, na safari hii si kwa hasira. Lindqvist aliwatazama wale akina mama waliosimama na suruali zao za baridi, vichwa juu, akaacha kuuliza walichosema.

"Nashukuru," alisema. "Nitaandika kwamba imerudishwa. Mna ushahidi wowote wa aliyenunua?"

Perpétue akatoa karatasi kwenye sidiria, imekunjwa mara nne.

Lindqvist akavaa miwani. Akasoma, akaivua, akaivaa tena.

"Mnunuzi si Gasto. Wala si mwenye jengo." Alimtazama Rachelle. "Imelipwa na Kamati ya Kampeni ya Mugisho kwa Baraza la Jiji. Unamfahamu?"

Akina mama hawakuhitaji tafsiri ya jina hilo.

Kumfahamu! Mugisho ni mdogo wake marehemu Bernardine, mjomba wa Rachelle, tumbo moja na mama yake. Ndiye aliyembeba mabegani kutoka Bukavu, Rachelle akiwa na miaka tisa, siku nne, bila kumshusha ila usiku. Na uchaguzi ulikuwa Jumanne. Akipita, angekuwa Mkongo wa kwanza kukaa kwenye baraza hilo, na nusu ya wanawake waliokuwa mle ndani walikuwa wamegonga milango kumwombea kura. Rachelle peke yake hakugonga, maana mfanyakazi wa jiji hukaa kando na kampeni.

Lindqvist alikuwa ameshafungua kompyuta. Taarifa za matumizi ya kampeni ni za kusomwa na yeyote, na hiyo ilikuwa pale.

"Tarehe ile ile, kiasi kile kile," alisema. "Lakini hapa imeandikwa ni mabango ya uani. Na aliyetia sahihi kama mhazini wa kampeni ni Gasto."

"Ameandika uongo," Rachelle alisema taratibu. "Watu walichanga kwa ajili ya mabango. Yeye akanunua sare ya msiba wa kunifungia mimi."

"Mimi nashughulika na zawadi tu. Mambo ya kampeni huenda kwa jaji, na jaji haanzi mpaka mtu aape kwa jina lake mwenyewe. Mimi siwezi kukuapia. Akiapa mtu leo, kwa kuwa uchaguzi umekaribia, jaji anatakiwa aitazame ndani ya siku tatu."

"Na Jumanne ni uchaguzi."

"Kalenda ninayo."

Mlango ukagongwa. Hawakungoja kuambiwa ni nani. Akina mama walikuwa wameshagawanyika pande mbili, na katikati yao alisimama Mugisho, kofia ya kampeni kichwani, koti halijafungwa.

"Rachelle," alisema. "Kuya inje kidogo."

*

Walisimama kwenye korido, karibu na dirisha.

"Gasto amenipigia simu," Mugisho alianza. "Naapa mbele ya Mungu, habari ya boila sikuijua."

"Na habari ya pagne?"

Mugisho akatazama viatu vyake. "Dada yangu alikufa, sikuwa na kitu. Weye unajua. Nilikuwa nimeacha kazi ju ya kampeni. Gasto akaniambia, acha kampeni ibebe, wale wanaolia ndio watakaokupigia kura. Nilitaka Bernardine aende muzuri. Ni hiyo tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini mbele ya jeneza?" Akamshika mkono. "Mwanangu, ngoja mpaka Jumatano. Siku tano. Nikiingia mule, Gasto namfukuza, boila inatengenezwa, na kazi yako hakuna mutu ataigusa. Lakini ile karatasi usiiapie."

Hapa, msomaji, ndipo penye kisu. Huyu si Gasto. Huyu ndiye aliyemwekea mkono mdomoni asipige kelele wakati askari wanapita, na mkono huo huo sasa umeshika wake. Rachelle alitamani kusema ndiyo. Alitamani sana.

"Ukiingia mule," alisema, "Gasto ataingia na weye. Leo amenishika miye kwa ile pagne. Jumatano atakushika weye kwa pagne ile ile, kila akitaka kitu. Boila mbovu ngapi utamuwashia, Mjomba?"

"Unaniharibia jina!"

"Jina ulimpa Gasto aandikie uongo wa mabango."

"Bernardine angekuwa hai..."

"Mama angekuwa hai angekuvua hiyo kofia mwenyewe! Usimulete Mama hapa. Ameshatumiwa vya kutosha."

Sauti ilikuwa imefika mbali. Mugisho aliachia mkono wake. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, na haikuwa sauti ya mgombea tena.

"Ile karatasi mumeisoma upande mmoja. Muigeuze."

"Kuko nini?"

"Jina la aliyepokea makartoni. Nilikuwa nataka kukufichia. Gasto iko na kopi, ukiapa tu anaitoa." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Ni sahihi yako, mwanangu."

Rachelle alitazama nje dirishani. Akaikumbuka ile wiki. Watu walikuwa wanamletea makaratasi pale kwenye godoro: ya hospitali, ya kaburi, ya kanisa. Mtu anasema tia hapa, anatia. Kamati haitii sahihi kwa niaba ya mfiwa, na mfiwa hasomi. Hata kama wangemletea karatasi ya kuuza figo yake angetia.

Na saa moja iliyopita alikuwa ameapa, kwa maandishi, kwamba hakupokea chochote.

Njia ya kutokea ilikuwa moja, na ilikuwa rahisi. Anyamaze. Karatasi irudi kwenye sidiria ya Perpétue, mjomba apite Jumanne, na Gasto naye anyamaze kwa kuwa atakuwa amepata mtu wake barazani.

Alirudi ndani akitembea haraka, kama mtu anayeogopa kugeuza nia.

"Bi. Lindqvist, igeuze hiyo risiti."

Lindqvist akaigeuza. Akaweka kidole chini ya jina. Akachukua karatasi ya kiapo, akaziweka zote mbili sambamba juu ya vitenge, na hakuna aliyehitaji miwani kuona kwamba ni mkono mmoja.

"Hii ni sahihi yako?" aliuliza. "Kabla hujajibu, una haki ya kuwa na mwanasheria."

"Ni yangu."

"Umeapa kwamba hukupokea."

"Niliapa nilichokumbuka. Nilikosea. Andika kwamba nilitia sahihi, siku moja kabla ya kumzika mama, bila kusoma, na kwamba kosa hilo ni langu, si la mtu mwingine. Kisha nipe fomu ya jaji. Ile ya kampeni."

"Ukijaza ile, huyo bwana atatumia hii kukumaliza."

"Atumie! Ametumia maiti ya mama yangu, atashindwaje kutumia karatasi? Nipe fomu."

Mugisho alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama mpwa wake akiandika jina lake mwenyewe, kisha la Mugisho, la Gasto, tarehe, mabango yasiyokuwapo. Hakumzuia. Akavua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti. Kisha akaondoka na hakuna mama hata mmoja aliyemsalimu.

Lindqvist alisoma fomu mpaka mwisho, akagonga muhuri wa saa. Kisha akafanya jambo ambalo kazi yake ilimtaka alifanye, na usoni ilionekana hakulipenda.

"Mpaka uchunguzi uishe hutafanya ukaguzi. Naomba kitambulisho chako."

Rachelle aliivua ile kamba shingoni. Miaka tisa ya ufagio kuipata. Akaiweka juu ya rundo la vitenge.

"Mkaguzi mwingine ataenda lini kwenye jengo?"

"Nitaomba leo. Huenda Jumatatu."

"Jumatatu ni mbali."

"Najua," alisema Lindqvist. "Ndiyo maana napiga simu sasa hivi." Na akainua simu kweli.

Nje kwenye korido akina mama walimzunguka. Mmoja alimfunga skafu yake shingoni, pale ilipokuwa kamba. Perpétue alimshika mashavu kwa mikono miwili.

"Umefukuzwa?"

"Bado."

"Unaogopa?"

"Naogopa sana, Tante. Lakini sikutia ile sahihi yake. Boila imezimwa."

Wakacheka, wengine huku wanafuta macho. Walikuwa wameanza kushuka ngazi, suruali thelathini na moja za baridi zikipiga kelele kwenye marumaru, simu ya Rachelle ilipolia kwa ujumbe wa sauti. Ulitoka kwa Euphrasie wa chumba namba sita, mama wa mapacha, kwenye jengo lile. Rachelle aliuweka kwa sauti ya juu ili wote wasikie, maana leo walihitaji kusikia mtu anayeshukuru.

Sauti ya Euphrasie ilikuwa nzito na ya polepole, ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Aksanti sana, Tantine. Tunajua ni weye ulipigana. Chauffage, ile boila, imerudia, nyumba yote ni moto muzuri. Batoto banalala tangu saa tano, hata kelele hakuna. Na miye nasikia usingizi... ngoja nilale kidogo, nitakupigia."